Mguu wa Kumi na Tisa

Mtaani walimwita Fundi Miguu, na mgeni aliyedhani ni kwa ajili ya miguu yake, ambayo kweli ilikuwa mirefu kupita kiasi, alikosea. Ni miguu ya chipu, vile vijichuma vinavyoishikiza kwenye saketi. Kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio aliinua saketi kwenye mwanga wa dirisha na kukuonyesha: mguu huu unaingiza umeme, huu unasikiliza kitufe, huu unapeleka sauti kwenye spika. Kitabu hakufungua.

"Usiniulize mama mkwe alizaliwa lini," alipenda kusema. "Niulize mguu wa tano unafanya kazi gani."

Mkewe alifundisha chekechea. Alikuwa na watoto arobaini na wawili darasani na hakuwahi kushika fimbo. Aliita tu, wakaja. Kisha sauti ikaanza kukwama. Wakadhani ni mafua, wakadhani ni vumbi la chaki. Baada ya miezi saba daktari aliwakalisha, akawaeleza kwamba uvimbe umeshika kisanduku chote cha sauti, na kumwokoa ni kukitoa.

"Nitaongeaje?" mke akauliza.

Daktari alisema kuna namna za kujifunza. Hakusema sauti itarudi.

Walipofika nyumbani, mke akamtazama binti yao aliyekuwa amelala kifudifudi mkekani.

"Mwenzangu, huyu ana miaka miwili. Hatakumbuka. Nataka nimwachie maneno."

Simu yao ya vitufe ilirekodi dakika moja ikakata. Vinasa sauti viliuzwa mjini, lakini mume alisema fundi hanunui anachoweza kuunda. Alichukua chipu ya miguu ishirini na minane, akaipangia kazi kila mguu: mmoja wa maikrofoni, mmoja wa kitufe, mmoja wa kupima betri, na minne ya kusemezana na kadi ya kumbukumbu ambako sauti ingeandikwa. Akaweka vyote ndani ya kopo la sabuni. Akahesabu moja mpaka kumi, akajisikiliza. Kinasa kilikuwa safi.

Asubuhi ya kwenda kulazwa, mke alikigeuzageuza kile kikopo.

"Nitajuaje kama kinanisikia? Kiwekee taa."

Teksi ilikuwa inangoja nje. Fundi akachomelea waya wa taa nyekundu kwenye mguu wa kumi na tisa, uliokuwa karibu, akabadilisha mistari miwili ya maagizo ya chipu. Akabonyeza. Taa ikawaka.

"Haya, sasa kina jicho," akasema, na mkewe akacheka.

Kwa siku tatu kabla ya upasuaji, mke aliongea na kile kikopo. Alijifunika shuka, akabonyeza, akaona taa, akaanza. Mume akija wodini na uji alisimama mlangoni, akisikia mke anaongea alirudi ukumbini. Aliona si adabu kusikiliza maneno aliyokuwa akiachiwa mtoto.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki moja baadaye fundi alichomeka ile kadi kwenye kompyuta. Ndani kulikuwa na hesabu yake tu, moja mpaka kumi.

Alifungua kikopo, akaona mara moja, kama mtu anavyoona kiatu alichovaa kinyume. Mguu wa kumi na tisa ndio uliokuwa ukiipigia kadi mapigo ya kuiambia lini iandike. Mguu unaweza kupewa kazi hii au ile, si zote mbili kwa pamoja. Uliposhikilia taa, kadi haikupokea kitu. Jambo lenyewe alikuwa akiwaonya mafundi wenzake kila siku.

Hospitalini alimwambia mkewe kwa pumzi moja kwamba hakuna kilichorekodiwa. Mke, bomba likiwa shingoni, akaomba daftari, akaandika: *Ni ile taa?*

"Hapana," akasema. "Kadi ilikuwa mbovu."

Mke alimtazama usoni. Alikuwa ameishi na fundi miaka tisa. Kisha akaandika: *Basi. Niletee mtoto.*

Mke aliishi miaka sita zaidi. Alifundisha tena kwa ubao na mikono, akamwandikia binti barua ambazo zilijaa sanduku la viatu. Uvimbe uliporudi haukumpa nafasi. Fundi aliendelea na kibanda, ila ule utani wa mama mkwe hakuna aliyeusikia tena.

Binti alipofika miaka kumi na sita, jioni moja alikuta lile kopo kwenye rafu ya juu, akauliza ni la nini. Baba akamweleza lote, pamoja na uongo wa kadi. Hakujitetea.

"Na mama alisema nini?" binti akauliza.

"Sijui."

"Baba, ulikuwa pale mlangoni."

"Nilikuwa nikiondoka. Nilijua kuna kinachosikiliza."

"Hata neno moja?"

"Siku ya pili nilichelewa kugeuka. Alisema ukianza shule usione haya kuomba maji. Yeye utotoni aliona haya, akashinda na kiu mpaka kengele ya mwisho."

Binti akamwomba ayarudie maneno hayo polepole, jinsi mama alivyoyatamka. Baba akajaribu, akakwama katikati, akaanza upya, mara tatu, na kila mara ilikuwa sauti yake mwenyewe.