Rasimu ya Kumi na Nne

Ukitaka kuwaona watu wazima, wenye shahada na vipara, wakigombania nukta na koma, jiunge na kundi linaloandika kanuni za intaneti. Mzee wa Majina alikuwa amekaa nao miaka minne, na kwa miaka yote hiyo hakumwona hata mmoja wa kumvulia kofia. Jina hilo la utani alipewa ofisini, alikokuwa msajili wa majina ya intaneti. Kliniki, shule au duka likitaka jina lake kwenye intaneti, fomu ilipita mezani kwake, naye akaandika kwenye daftari kuu kwamba anayelitafuta jina hili akaulize kompyuta fulani na fulani. Huko ndiko kukabidhi jina. Kompyuta zilikuwa mbili, ili moja ikizimika nyingine ijibu. Ni kazi ya dakika tano, na mabingwa hawa walikuwa wameiandikia kurasa arobaini na moja.

Rasimu hii ilikuwa ya kumi na nne. Kumi na tatu zilizotangulia alizihariri yeye mwenyewe, maana wenzake wote walikuwa hodari wa kukosoa na wavivu wa kuandika. Rasimu isipoguswa miezi sita inakufa, basi kila ikikaribia kukata roho alibadilisha tarehe na kuirudisha mezani, kama mtu anayepasha kiporo. Mbishi mkuu alikuwa jamaa ambaye yeye alimbandika jina la Profesa Koma. Huyo aliweza kuandika barua pepe ndefu kama mkeka kuhusu kichwa cha habari kimoja, kisha akaimalizia kwa "haya ni maoni yangu madogo tu". Madogo! Yangekuwa makubwa wangeyaweka wapi?

Katika makorokoro yote hayo Mzee wa Majina alijali aya moja tu, ya saba. Ilisema kwamba msajili, kabla ya kukabidhi jina, lazima aziulize kompyuta zote mbili na zote zijibu, na kila mwaka aziulize tena. Profesa Koma alitaka iwe hiari. Ikiwa hiari, nani atajisumbua? Mzee wa Majina alilijua jibu kuliko wote, ila hakuwahi kulisema.

Siku ya kikao alikaa sebuleni mbele ya kompyuta, saa nne asubuhi, juu shati lililopigwa pasi, chini kaptura. Jikoni mdogo wake wa kike alikuwa anaosha vyombo. Dada huyo alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki moja, mpaka barua pepe za wagonjwa, majibu ya vipimo na yote, zilipoanza kufika kwa matapeli. Uongozi ukasema ni yeye aliyetoa neno la siri. Akafukuzwa kama mwizi, hakuna kliniki nyingine iliyomtaka, akahamia kwa kaka yake na begi moja. Huu ulikuwa mwaka wa tano.

Kundi lile halipigi kura. Swali likiulizwa watu wanaguna, midomo imefumbwa, na mwenyekiti anatega sikio asikie upande gani umeguna kwa nguvu. Naam, watu wanaojiita nguzo za intaneti wanaamua mambo kama ng'ombe zizini.

"Wanaotaka aya ya saba iwe hiari, guneni," mwenyekiti akasema.

Mmmmmm. Spika za kompyuta zikatetemeka.

"Wanaotaka iwe lazima."

Ukasikika mguno mwembamba wa watu watatu, na mmoja wao alikuwa na kikohozi.

"Kabla sijafunga," mwenyekiti akaendelea, "mhariri, hii hatari unayotuhubiria kila siku, ishawahi kutokea kweli? Au ni ya kwenye makaratasi tu?"

"Itokee wapi?" Profesa Koma akadakia. "Hakuna msajili mzembe kiasi hicho."

Damu ikamchemka Mzee wa Majina. Mtu ambaye tangu azaliwe hajapokea fomu hata moja, leo anamfundisha uzembe ni nini! Akafungua kipaza sauti.

"Ishatokea," akasema. "Kliniki iliandikisha kompyuta mbili. Ya pili ilikuwa ya kampuni iliyofungwa zamani. Msajili hakuiuliza. Njaa ilikuwa inamuuma, akasema nitaiangalia kesho, akabonyeza kubali. Tapeli akalichukua jina la ile kampuni, akaweka kompyuta yake ijibu badala ya ile, na barua za wagonjwa zikawa zinamwendea yeye. Miezi minane."

"Wewe umejuaje kama hakuuliza?"

"Msajili mwenyewe ni mimi."

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuna aliyekuwa na maoni madogo. Mwenyekiti akakohoa, akaomba watu wagune upya, na safari hii mguno wa lazima ulijaa chumba kizima. Hata Profesa Koma aliguna, macho chini. Aya ya saba ikapita.

Kumbe mazumbukuku haya yana masikio, Mzee wa Majina alijiambia, akazima kipaza sauti na kujinyoosha kitini. Alijisikia mwepesi, na alijisikia bora kuliko wote. Ndipo alipogundua kwamba jikoni maji hayamwagiki tena.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu.

"Nililia mbele ya mkurugenzi," akasema. "Nikamwapia sijampa mtu neno la siri. Ulikuja kunichukua wewe, ukaniambia yameisha, niyaache."

"Mdogo wangu, nisikilize. Hii kanuni nimeipigania kwa ajili ya..."

"Miaka minne unawaandikia hao." Alielekeza kidole kwenye skrini, ambako vipara vilikuwa vinaagana. "Barua moja ya kwenda kliniki, kaka, ilikushinda nini?"