Kiti cha Waya cha Babu Kiilu

Babu Kiilu, kaka ya nyanya yangu, ndiye mtu wa mwisho huku Kilungu anayejua kupamba kiti kwa waya. Labda Kitui kuna mwingine. Yeye anasema hayuko. Kiti chenyewe ni kifupi, cha miguu mitatu, cha mti wa muvuti. Anakata mstari mwembamba kwa ncha ya kisu, halafu anagonga waya wa shaba ndani mpaka ulale sawa na mti. Ukipitisha kidole huwezi kujua mti unaishia wapi. Nimejaribu mara nyingi sana.

Zamani mzee alibeba kiti chake mwenyewe akienda kikao, na pambo lake halikufanana na la mtu mwingine. La babake Kiilu lilikuwa mduara ndani ya mduara, na katikati nyota. Kile kiti kililiwa na mchwa. Kwa hivyo Babu, jicho moja limeshafunga na la pili linaona ukungu, alikuwa anatengeneza kingine kama hicho kabla hajapofuka kabisa. Ilibaki nyota tu.

Waya alikuwa ameutoa kwa mota ya pampu iliyoungua. Lakini Julai transfoma ya sokoni ikaibwa kwa ajili ya shaba yake, na mtu akaambia polisi kwa Kiilu kuna shaba.

"Mzee, hii ni nini?" afande aliuliza akiinua fungu la waya uliobaki.

"Ya mapambo."

"Ya Krismasi?" Wakacheka.

"Afande, mtu wa miaka themanini na moja atapanda nguzo ya stima na nini? Na hii fimbo?"

"Wewe hupandi. Wewe unanunua."

Alilala seli siku mbili, wakamwachilia bila kesi. Kiti, walichokibeba pamoja na waya, kikabaki huko wiki sita, eti ni ushahidi.

Siku ya kukichukua nilikibeba mimi. Walikuwa wameng'oa waya wote kwa koleo ili waupime, na mti ukatoka nao vipande vipande. Babu alipitisha kidole gumba, akarudia.

"Nthenya, miduara ni mingapi?"

"Hakuna mduara, Babu. Ni mashimo tu."

Nyumbani nikampa kalamu na daftari langu la Historia, achore nitunze. Mduara wa kwanza ukaenda upande. Wa pili ukaukata wa kwanza.

"Huu mkono haujui karatasi," akasema. "Unafuata waya. Waya ukikataa kupinda, ndio unajua umekosea."

"Basi tutafute waya mwingine."

"Nani aonekane akiniuzia?"

Septemba jicho la pili nalo likafunga. Daktari kule mjini Wote alisema ni presha ya macho, tumechelewa.

Mutanu, mke wa mwana wa Babu, anakikalia kile kiti jikoni akipika. Juzi nilimuuliza Babu nyota ya babake ilikuwa na ncha ngapi.

"Sita."

Nikaandika. Alikuwa katikati ya uji wake aliposimamisha kikombe.

"Au nane."