Mtambo Uliopanda Wanale

Niliposikia kwamba mtambo wa redio yetu unahamishwa, nilidhani tunahama sote. Nilikifunga kikombe changu cha chai kwenye gazeti, nikakusanya karatasi zangu, nikamwuliza bosi tunaondoka saa ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe unabaki hapa hapa," alisema. "Ni sauti yako tu inayohama."

Studio yetu ilikuwa juu ya kinu cha kusagia mahindi, eneo la viwanda la Mbale, na mlingoti ulisimama juu ya paa la kinu hicho. Tulisikika mjini, mtaa wa Nkoma, chini ya mlima Wanale, na vijiji kadhaa vya mashamba ya mpunga. Ukivuka hapo tunapotea. Mimi nilikuwa na saa moja ya Kiswahili kila alasiri: salamu, matangazo ya vifo, mbuzi waliopotea, nani anamtafuta nani. Hewani nilijiita kwa jina lisilo langu.

Sababu ilikuwa baba. Anaishi Jinja, mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini. Marehemu mama alikuwa Mnubi, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa chake. Alitugombeza nacho, akatubembeleza nacho. Alipofariki, baba alisema lugha hiyo sasa basi. Alikuwa ameitumia miaka mingi kuamrisha wafungwa, na bado aliwaona watu wakishtuka wakiisikia barabarani, maana kwao ilikuwa lugha ya askari. Tukawa nyumba ya Kiingereza na Kiluganda. Nilipopata kazi Mbale nilimwambia natafuta matangazo ya biashara. Haukuwa uongo kabisa, maana asubuhi nilifanya kazi hiyo.

Fundi alitoka Jinja. Kwa siku tatu hatukuwa hewani. Mtambo ulipandishwa Wanale kwa gari, na pale barabara ilipowashinda, wanaume sita waliubeba mabegani kama jeneza. Mimi nilikaa studio nikisubiri simu.

"Dada, ongea," fundi aliniambia kutoka juu.

"Niseme nini?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Nilihesabu mpaka mia. Kisha nikataja vitu vinavyouzwa sokoni, kuanzia nyanya mpaka kamba za ng'ombe. Fundi akasema inatosha, tumefika mbali sana, na nianze kipindi changu kama kawaida.

Haikuwa kama kawaida. Mtu wa kwanza kupiga simu alikuwa mzee kutoka upande wa Pallisa, na sauti yake ilitetemeka.

"Afande," alisema, "nani ameshika serikali?"

"Serikali gani, mzee wangu?"

"Naskia Kiswahili kwa redio. Zamani ukiskia hivyo, ujue mambo yamebadilika. Nimeshafungia kuku ndani. Watoto wasiende shule kesho?"

Nilimwambia hakuna kilichobadilika, ni mtambo tu umepanda mlima. Alinishukuru, lakini nilisikia kwamba hajaamini. Baada yake alipiga mwanamke akiuliza kama sisi ni Wakenya. Mwingine aliuliza kwa nini tumekaa juu ya masafa ya redio yake ya dini. Nilizoea kuongea na watu ambao nawajua hata kikohozi. Sasa nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na wenye nyumba wanamtazama.

Wiki ya pili ikaingia simu yenye namba ninayoijua kwa moyo.

"Nauliza tu," sauti ya baba ilisema hewani, kwa Kiswahili ambacho nilikuwa sijakisikia kwake tangu msiba wa mama. "Huyo mama anayetangaza ni mtu wa wapi?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Ningeweza kumkata.

"Wa hapa hapa tu, bwana," nilijibu. "Na wewe unatupata kutoka wapi?"

"Jinja. Napanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Hapo mnakuja, mnapotea, mnakuja."

Nikamshukuru, nikaweka wimbo. Kipindi kilipokwisha simu yangu mwenyewe ikalia.

"Kwa nini uliniita bwana?"

Nilisema, "Nilikuwa kazini, baba."

"Hata mimi nilikuwa kazini," alisema, akakata.

Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Nilitembea mpaka Nkoma bila kupanda boda boda, nikijaribu kuamua kama nimegombezwa au nimesamehewa. Kesho yake alipiga tena studio, kama msikilizaji yeyote, akaomba salamu zimfikie mke wake. Hakumtaja jina, wala hakusema kwamba amekufa. Nilizisoma. Akafanya hivyo kila siku, na kila siku nilizisoma, kati ya mbuzi waliopotea na harusi za watu wa mji wa Kumi.

Katika mkanganyiko huo ndipo nilipogundua kwamba kuna mtu hapigi. Mjane mmoja anayelima kabichi chini kabisa ya jabali la Wanale alikuwa hakosi siku. Alikuwa na kesi na jirani juu ya mfereji wa maji, na wasikilizaji wote waliifuata kesi hiyo kuliko siasa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikafikiri amekufa, na tangazo lake halikuletwa kwetu. Jumamosi nilikwenda kumtafuta.

Nilimkuta shambani, mzima kabisa, akimwagilia kabichi. Simu ilikuwa imeingia maji ya mfereji ule ule. Redio ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya mti mrefu, inakoroma.

"Mwanangu, ledio yenu ilikufa," aliniambia.

"Haikufa, mama. Tumehamia hapo juu." Nikamwonyesha mlingoti, ambao ulionekana wazi juu ya kichwa chake.

Alitazama juu. "Hapo? Karibu hivyo? Basi mbona siwasikii?"

Sikuweza kumweleza, maana mimi mwenyewe sikuelewa. Nilimpigia fundi pale pale. Alisema ni jambo la kawaida: mawimbi yanatoka ukingoni mwa jabali na kwenda mbele, yanawapita juu watu waliokaa chini ya jabali. Angeweza kuziinamisha antena, nao wangepata. "Lakini ukiinamisha, mbali kunapungua," alisema. "Pallisa itabaki. Jinja itakwenda. Jinja yenyewe haikuwa kwenye mpango. Ni bahati tu."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelalamika, na bosi alifurahia simu za mbali. Nilikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia bosi kwamba tumewapoteza watu wa chini ya mlima. Alikunja uso.

"Wangapi?"

"Sijui. Mmoja namfahamu."

"Tumepanda mlima wote huo ili tusikike, na hatusikiki chini yake?" Alizunguka meza mara mbili. "Mwite fundi."

Fundi alipopanda tena, nilisimama kwenye shamba la kabichi, redio ya mjane mkononi, simu sikioni.

"Vipi?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa?"

Sauti ya mwenzangu anayesoma habari ilitokea kidogo, kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Fundi akauliza kama inatosha. Mjane alikuwa ananitazama mdomoni.

"Teremsha kidogo tena," nilisema.

Habari zikaja safi, kila neno. Mjane hakunishukuru. Alichukua redio yake, akasema mwenzangu anasoma haraka mno, kisha akaniuliza kama jirani alitangaza lolote kuhusu mfereji siku zote zile yeye hasikii. Nilimwambia hapana. Alionekana kukata tamaa kidogo.

Baba alipiga keshokutwa yake, kwenye simu yangu.

"Redio yenu imeharibika?"

"Haijaharibika, baba."

"Niko kwenye kichuguu. Hakuna kitu. Kelele tu, kama mvua."

Nilianza kumweleza kuhusu jabali, antena, mawimbi na watu wa chini. Alinikatiza akasema niongee polepole, haelewi. Nikaanza upya. Katikati nilitambua kwamba tunaongea Kiswahili, sote wawili, na sikukumbuka ni nani aliyeanza.

"Kwa hiyo uko karibu au uko mbali?" aliuliza.

Nilimwambia niko Mbale, baba, niko pale pale. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo.