Nafasi ya Bobari

Kwa miaka zaidi ya kumi zana zangu za kukerezea mbao ziliishi ndani ya ndoo tupu ya rangi, makali yakiwa juu. Nikitaka patasi nyembamba ilibidi kwanza nizitoe zile nene, na mara nyingine nilitoka na damu. Karakana yenyewe ni kibanda cha bati nyuma ya nyumba yetu hapa Kitaji, Musoma, chenye mashine moja ya kukerezea, meza moja, na vumbi la kutosha familia tatu. Siku mke wangu aliponifunga kidole kwa mara ya tatu, alisema mtu anayewatengenezea wenzake vigoda vizuri vile hawezi kukosa kabati la vifaa vyake, labda awe anapenda kufungwa vidole. Nilikasirika, maana alisema kweli.

Mbao nilizipata Kisorya kwa kaka yangu. Mtumbwi wake wa zamani ulikuwa umechoka, akaubomoa, akaniambia nichukue zilizo nzima. Nilizisafirisha hadi Musoma juu ya keria ya basi, na nilipozipiga randa, chini ya ule weusi wote ulitoka mvule wa kupendeza. Kitu kimoja tu kiligoma kutoka, nacho ni harufu ya dagaa. Mpaka leo mvua ikinyesha, paka wa jirani huja kukaa mlangoni mwa karakana.

Nilitaka kila chombo kiwe na kitanda chake. Nikazilaza zana juu ya ubao, nikazizungushia penseli moja moja, kisha nikachimba kufuata mistari. Ukiitoa patasi, umbo lake linabaki pale linakutazama, na huwezi kujidai hujui kimekosekana nini. Wazo la ujanja lilinijia nikiwa katikati ya kazi hiyo.

Bobari yangu haikuwepo. Bobari ni patasi yenye kifereji, na ndiyo inayochimba tumbo la bakuli. Bila bobari, mkerezaji hubaki na miguu ya viti na miti ya kusukumia chapati. Yangu niliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, chuma cha zamani, chenye urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Sasa ilikuwa inaelekea mwaka wa tatu iko Butiama kwa baba mkwe wangu, aliyeiazima kwa wiki moja ili achonge hori la kulambishia ndama chumvi. Katika maduka ya Musoma nilipata patasi bapa tu. Bobari niliyofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari ilivunjika siku ya kwanza, kipande kikapita karibu na sikio langu. Na nilikuwa nimekwisha kuwaahidi wazee wa kanisa sahani tatu za sadaka kabla ya sikukuu ya mavuno.

Anayejiuliza kwa nini sikuidai, huyo hajaoa kwa watu wa ng'ombe. Kwetu ziwani mkwe ukimdai anakucheka, mnaendelea kula. Kwao mkwe hadaiwi. Ukiongea naye unatazama chini, na akiazima kitu chako umepewa heshima. Nilimwomba mke wangu anifikishie ujumbe, akanijibu kwamba yeye hakuazima kitu wala hakuazimwa. Nikampigia mzee simu mara tano mwaka ule, na mara zote tano tukaongea habari za mvua.

Basi nikachimba kitanda cha bobari katikati ya kabati, usawa wa macho, kwa kukumbuka tu urefu wake. Kilinitesa kuliko vyote, kwa sababu kitanda cha mviringo huchimbwa kwa bobari, nami nilikuwa na patasi bapa. Kilitoka na mashimo kama njia ya shambani baada ya masika. Sikujali. Mzee atakuja, ataona nafasi tupu, atakumbuka mwenyewe, na mimi sitakuwa nimefungua mdomo. Nilijiona mwerevu kweli.

Haikuchukua muda akaja. Macho yalikuwa yanamsumbua, akawa amekuja hospitali na angelala kwetu siku mbili. Asubuhi baada ya chai nikamkaribisha karakana, nikafungua milango yote miwili ya kabati kwa pamoja. Kwanza alinusa. Akasema sisi watu wa furu tumezidi, hata chuma tunakilaza kwenye samaki. Kisha akaanza kuzipitia zana kwa kidole, uso ukiwa karibu kabisa na ubao, moja baada ya nyingine, hadi kidole kikatumbukia kwenye nafasi tupu.

"Na hapa anakaaga nani?" akauliza.

Swali lenyewe ndilo nililolijengea kabati. Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya mashine, la adabu na lenye njia ya kutokea.

"Hapo ni pa mgeni, baba," nikasema.

Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kisha akachukua kifimbo chake kifupi, ambacho haendi popote bila kuwa nacho, akakilaza kwenye kitanda cha bobari. Kikaenea kama kilichopimwa.

"Mgeni ni mimi," akasema, akafunga kabati.

Mke wangu nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini, akaniuliza kama ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone naufahamu, na kama naona dalili zozote za kupona. Usiku wa kwanza na wa pili kifimbo kililala kabatini. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa vyote viwili. Mzee akarudi Butiama, nami nikaenda kuwaambia wazee wa kanisa wavute subira.

Mwezi ulipopita alirudi kuchukua miwani. Safari hii hakusubiri chai. Aliomba twende karakana, sisi wawili tu, na kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Akakiweka mezani, akakifungua. Ilikuwa bobari yangu, na ilikuwa fupi. Makali yalimeremeta, yamenolewa na mtu anayejua kazi, lakini chuma kilikuwa kimepungua mno hata nikadhani ni nyingine. Nilipoinua macho nikakuta mzee ndiye anayetazama chini.

"Lile hori lilitoka vizuri," akasema. "Nikachonga na kinu, jirani akakiona, na yeye akataka. Nikawa nachonga tu. Kila nikinoa inapungua. Nikisema nikurudishie, naona imepungua tena. Nilikuwaga naona aibu kukuletea kipande."

Nikamwambia haina neno, chuma ni cha kazi. Akainua mkono ninyamaze.

"Siku ile ulivyosema hapa ni pa mgeni, nilijua ni pa nani. Ulinistiri."

Nilitaka kulia, nikasingizia vumbi. Miaka yote ile nilidhani mwenye kuteseka ni mimi peke yangu, kumbe mwenzangu naye alikuwa anaongea habari za mvua kwa shida vilevile. Nilimpenda yule mzee saa ile kuliko siku zote tangu nimfahamu. Tukailaza bobari kwenye kitanda chake. Mzee akalipima pengo lililobaki kwa mkono wake, akasema amekula shubiri nzima.

Nimeikerezea mpini mrefu kutoka kwenye kipande cha mtumbwi kilichobaki, na sasa inaenea kitandani mwake kutoka mwanzo hadi mwisho. Wazee wa kanisa walipata sahani zao tatu. Moja ina kasoro, na siwaambii ni ipi.

Mzee alipokuja tena kututembelea, alikwenda moja kwa moja karakana, kifimbo mkononi, akafungua kabati na kukuta nafasi ina mwenyewe. Alisimama pale kama mtu aliyefika kanisani akakuta benchi lake limekaliwa. Alipokwenda kunywa chai nikakiomba kifimbo, nikakizungushia penseli chini kidogo ya bobari, nikaanza kuchimba. Safari hii nilichimba kwa bobari yenyewe. Kabati zima halina nafasi laini kama ile.