Vidole Vinne kwa Hatua Nne

Harufu ya udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe hunirudisha moja kwa moja kwetu karibu na Gulwe, enzi za Mjerumani. Kila mwaka kabla ya mvua, baba alibadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, kisha mama na mimi tukapanda juu ya tembe, nyumba yetu ya udongo, kusiliba paa kwa udongo huo. Ukilitazama kwa mbali utadhani paa la tembe ni bapa, kumbe sivyo. Likilala mno, maji yanatuama na kuvuja. Likiinama mno, mvua ya kwanza inashusha udongo wote uani. Mama alikuwa na kipimo chake: kila hatua nne, paa lishuke vidole vinne. Alimwaga maji ya kibuyu, akayatazama yanavyokwenda, akaridhika au akabomoa akaanza upya. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, mbishi kupindukia, na niliona kazi ile inanichafua miguu tu.

Miezi hiyo ndiyo Mwalimu Hasani, mtu wa pwani ambaye kanzu yake haikushika vumbi hata siku za upepo, alipotangaza darasa la vipimo katika shule yetu. Reli ilikuwa inajengwa, na waliojua kupima walitafutwa. Darasani humo wanafunzi wangefundishwa jinsi mteremko wa ardhi unavyobadilika hatua kwa hatua, na jinsi birika la kuhifadhia maji linavyojaa haraka au polepole. Lakini sharti uwe umepita darasa la pembe, hesabu ya pembetatu, na darasa la pembe lilifundishwa msimu wa uwele. Msimu huo wote mimi nilikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, nikifukuza ndege kwa kombeo na makelele. Nisingekaa pale, tusingekula. Basi nikapewa njia mbili: ningoje mwakani nisome pembe na watoto wadogo, au niingie hivyo hivyo, ila atakayeshindwa mtihani wa kwanza harudi darasa la chini, anarudi kwao moja kwa moja.

"Wewe Chiku, utafikaje ghorofani bila ngazi?" Mwalimu aliniuliza mbele ya wote.

"Nitaparamia ukuta, Mwalimu."

Walicheka sana. Baba hakucheka; alisema mwaka mmoja si mwingi, nivumilie. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakutaka kulitamka: mwakani uwele ungeiva tena, ndege wangekuja tena, na wa kupanda dunguni ningekuwa mimi tena. Mwaka huo mmoja usingekwisha kamwe. Kesho yake nikaingia darasa la vipimo, nikakaa mbele kabisa.

Sitadanganya kwamba nilielewa. Kila walipotaja pembe nilikodoa macho, na mara nyingi nililia njiani nikirudi. Kisha mtihani ukafika. Tulipelekwa kwenye mtaro uliochimbwa kutoka kisimani hadi birika la shule, tukaambiwa tuupime mteremko wake. Wenzangu wakatoa vipimo vyao vya mbao, wakasoma jedwali, wakaandika pembe moja kwa mtaro mzima. Mimi nilichukua kamba, vijiti na bakuli la maji la kunionyesha usawa, nikaupima kila baada ya hatua nne kama juu ya paa la mama. Vidole vinne, vinne, vitano. Halafu penye jiwe jeupe, nusu kidole.

"Hapa maji yatasimama," nikasema.

"Pembe yake iko wapi?" akauliza Mwalimu.

"Sina pembe, Mwalimu. Mwaga maji."

Akamwaga. Maji yakashuka vizuri, yakafika penye jiwe jeupe, yakatuama. Nilitamani kurukaruka. Mwalimu akainama akautazama mkono wangu. "Vidole vinne, sawa. Vya nani? Vyako au vya mama yako?" Hapo nikavitazama vidole vyangu, maana nilikuwa nimechukua kipimo cha mama nikakipima kwa vidole vyangu vyembamba, na vinne vyangu havikutimia vinne vya mama. Alinipa alama ya kunivusha tu, hakuongeza hata moja, na akaniamuru kila jioni nibaki nijifunze pembe.

Sasa mimi ni bibi. Mjukuu wangu Matika anasoma sekondari mjini Dodoma, na juzi alikuja kuniamkia amenuna. Shuleni kwao hawakupata mwalimu wa trigonometria, ile ile hesabu ya pembe, mwaka mzima, na sasa wanamwambia asubiri, asiingie kalkulasi, hesabu ya mambo yanayobadilika. Yeye ana daftari, taa, na bati juu ya kichwa. Neno analoambiwa ni lile lile nililoambiwa mimi. Nilimuuliza kama mwakani huyo mwalimu atakuwepo. Akasema hakuna ajuaye.

"Basi ingia," nikamwambia. "Utalia. Ingia ukilia."

Leo asubuhi amekwenda kujiandikisha. Kabla hajatoka nilimshika mkono, nikaulinganisha na wangu. Vidole vyake ni vyembamba, kama vyangu vya siku zile. Nikamwambia asiazime kipimo cha mtu.