Nachora nyuso za waliopotea Walikale. Uso huu mmoja ulinishinda

Wakuu, salaam kutoka Masisi. Hii siyo chai, yamenipata mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke mapema, huko mbele hakuna pa kuchekea.

Mimi ni mchoraji. Nilianza na vibao vya saluni na maduka ya dawa, nikahamia kwenye sura za watu. Kitambaa cha wachoraji huku hakifiki, kwa hiyo nachora kwenye shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kwa rangi za nyumba.

Niliwahi kupeleka kazi kwenye maonyesho Goma. Bwana mmoja akaniuliza mbona watu wangu hawatabasamu. Nikaanza kukunja shitingi zangu.

Siku hizi kazi kubwa ni waliopotea. Mtu anakwenda machimboni Walikale, vita inapita huko, harudi. Picha za nyumbani nazo zimeungua.

Bila maiti matanga ni magumu. Basi baadhi ya familia huweka mchoro kwenye kiti, watu wanamlilia, ndipo matanga yanaanuliwa.

Staili yangu: sikisii. Namkalisha aliyemjua, anasema, nachora, anasahihisha, nafuta.

Ikaja familia moja kutoka kijiji cha Kibabi. Mama mzee alikuwa mgonjwa, hataki kufa kabla ya kumlilia mwanawe. Akamtuma mkwe wake, mke wa huyo aliyepotea.

Dada mpole sana. Paji pana, akasema. Pua fupi. Kovu juu ya jicho la kushoto. Hakusita hata kidogo, nami nikajisifu moyoni kwamba huyu nimempata.

Mama mzee alipopata nafuu akaja kwa pikipiki kuchukua mchoro, mkwe wake nyuma yake. Akautazama, akanitazama mimi.

"Papa, huyu hapana mutoto yangu. Huyu ni nani?"

Nikamgeukia mke. Alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge.

"Nilikudanganya, Papa. Nilikupatia uso ya muntu haiko. Picha ikifanana naye, batamulilia, bataondoa matanga, njo amekufa kweli. Mie siyaona maiti yake bado."

Nilitegemea atafokewa. Mama mkwe wa huku kwetu akiudhika, hata jirani atajua!

Lakini mama mzee alifungua kitambaa cha kichwani, akavuta kigoda karibu na dirisha.

"Uchore mimi. Alizaliwa na uso yangu yote." Kisha akamwambia mkwe wake, "Nimechoka kumungojea, binti yangu. Nikufe bila kumulilia?"

Dada akaliachia pindo la kitenge.

Nikachora. Nikaondoa mikunjo ya uzee, nikaongeza ndevu. Mke alisimama nyuma yangu.

Nilipofika mdomoni akasema taratibu, "Mudomo ya chini iko munene kidogo."

Nikaunenepesha.

Akapiga yowe moja, akakaa chini, akaanza kumlilia mumewe palepale kwangu. Mama mkwe akashuka kwenye kigoda, akamshika.

Nilichojifunza, wakuu: zamani nilidhani kazi yangu ni kufananisha tu. Sasa kabla ya kugusa rangi nauliza kwanza kama wote nyumbani wako tayari.

Na bado sijui kama yule dada nilimsaidia, au nilimuulia mume.

Ingekuwa wewe, ungeunenepesha ule mdomo? Karibuni mseme, matusi kaeni nayo.