Rehema hakutoka kabla paa halijagongwa

Jumamosi ya wiki iliyopita alasiri tulimpoteza Rehema, dereva wa stock car, magari ya kawaida yaliyoundwa upya kwa mbio, kwenye uwanja wa mbio nje kidogo ya Dubai. Gurudumu la nyuma kushoto lilichomoka, gari likaenda ukutani. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Nimeyaandika hayo kwa mkono wangu na moyo bado unayakataa. Leo asubuhi nimechemsha tena chai ya watu wawili.

Wengi wenu mlimjua kwenye video. Mimi niliishi naye Karama, hapa Dubai, chumba kimoja, kitanda chake juu, changu chini. Hakupanda juu hata siku moja bila kuuliza, "Dada Zena, mlango tumefunga?" Huyo ndiye mnayeambiwa alikuwa na pupa.

Siku za kazi alihudumia kahawa kwenye café moja huko JLT. Kuna mteja alikuwa akimlaumu kwamba anabeba trei polepole. Akirudi nyumbani anacheka mpaka anakaa chini: "Leo tena nimeambiwa niongeze speed."

Mbio zilikuwa za kwao. Babu yake aliendesha rally kule pwani, babake akapokea, na mamake ndiye aliyewakazia magurudumu. Kwao Kisauni, Mombasa, gari halitoki mpaka aliyekaza nati aje mwenyewe, agonge paa mara mbili kwa kiganja. Redio ya timu iseme itakavyosema, bila kiganja gari halisogei.

Babu alikuwa na neno lake: aliyegonga paa ndiye anayejibu.

Msimu wake wa kwanza hapa timu haikuwa na watu. Mimi nilianza Dubai kwa kupikia mafundi chai gereji, nikajifunza matairi kwa kutazama, sasa nina duka langu. Basi nikawa mimi wa kukaza na mimi wa kugonga. Nikigonga, kidole gumba kinatoka dirishani, halafu huyoo.

Manager akalalamika kwamba kungoja kule kunatupotezea sekunde tatu. Nikamwonyesha saa yangu: sekunde tatu zile Rehema alizirudisha kwenye kona mbili, kwa sababu aliingia akijua gari lake limefungwa. Manager akatazama, akasema, "Yalla, haya, gongeni." Rehema akamaliza wa nne, kisha wa tatu, kisha wa pili.

Kisha akaja mdhamini, na mafundi wapya wenye sare. Pass yangu ya kuingia kwa mafundi ikachukuliwa kwa adabu kabisa. Nikaambiwa sasa mimi ni mgeni wa heshima, nafasi yangu ni jukwaani.

Wale mafundi waliiona desturi ya kina Rehema kama kichekesho. Kila aliyepita karibu na gari aligonga paa, akacheka, akaenda zake. Rehema aliniambia amewaomba waache, kwa Kiingereza, na kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Aliwaambia, "Kama hujakaza, usigonge."

Jumamosi kabla ya mbio alinipigia simu.

"Dada, leo nani atanigongea?"

Nikamwambia amngoje aliyekaza. Akasema, "Nitangoja."

Alingoja.

Jumatatu timu ikatoa statement. Inasema dereva aliondoka pit, pale gari linapobadilishiwa magurudumu, kabla ya kuruhusiwa, gurudumu likiwa halijakazwa. Mistari minne, na mmoja ni wa pole.

Sasa tazameni video hii niliyoweka hapa. Ilichukuliwa na shabiki aliyesimama kwenye uzio. Gari limeshashushwa, injini inanguruma, Rehema hatoki. Gari la kwanza linampita. La pili linampita. Amekaa. Mtu mwenye pupa hangoji magari mawili yampite.

Kisha mkono wenye glavu nyeusi unatokea upande wa kulia na kugonga paa mara mbili. Kidole gumba kinatoka dirishani. Anaondoka.

Fundi wa gurudumu la nyuma kushoto bado amepiga magoti, spana mkononi. Anainua kichwa kulitazama gari likienda.

Uso wa aliyegonga hauonekani. Labda alitaka kumharakisha, labda aliona mzaha wa kila siku. Rehema alishawaomba waache, hakudhani ni mzaha. Kwao paa halifanyiwi mzaha.

Nimempigia manager. Akasema, khalas, sister, ripoti imefungwa, tumwache marehemu apumzike. Nikauliza mkono ni wa nani. Akasema inshallah tutaongea. Hajapokea simu yangu tangu hapo.

Tumemzika Mombasa, kando ya babake. Mamake hakulia mbele ya watu. Alinivuta chumbani, akanishika kiwiko.

"Mimi nimemgongea babake paa maisha yangu yote," akaniambia. "Hebu niambie, Zena. Mwanangu alikuwa na haraka?"

Nikamwambia hapana, mama. Akaniambia anataka kusikia hilo kwa aliyegonga.

Nimerudi Dubai nimechoka, jamani. Sina nguvu ya ugomvi, wala sitaki senti ya mtu. Nataka tu yule mama asilale kila siku na mistari minne ya uongo juu ya mwanawe.

Rehema, mdogo wangu, mlango nimefunga. Ulingoja kama ulivyofunzwa. Lala salama, kitanda cha juu sikipangishi mpaka jina lako lisafishwe.

Na wewe mwenye glavu nyeusi, najua unasoma, maana timu nzima mnanifuata humu. Hitma yake, kisomo cha kumwombea, inasomwa Kisauni Ijumaa hii, saa kumi alasiri, saa za Mombasa. Namba yangu mnayo, nitakuunganisha na mamake. Kabla ya saa hiyo piga, useme jina lako na useme kwamba ulikuwa hujakaza.

Uligonga. Jibu.